Nambari Mbili Mlangoni mwa Kabati

Kazi yangu ni nambari. Nina miaka ishirini na sita katika ofisi ya uwakala wa mizigo karibu na bandari ya Durban, na kila kontena linalopita mezani kwangu lina herufi nne na tarakimu saba. Ile ya saba ni mlinzi wa zilizotangulia: ukikosea moja tu, hesabu inakataa kutimia. Wenzangu huniletea karatasi zao nizipitie kabla hazijaenda forodhani, na nikiona kosa sina desturi ya kusema kwa upole. Wananiogopa. Sijawahi kuchukia kuogopwa.

Nasema haya mapema ili ijulikane ni mtu wa namna gani aliyemuua mama yake kwa simu, naye mama yu hai, ameketi chumba cha pili anasoma Yasini.

Ilikuwa Agosti, mwaka wa pili wa korona. Baba alichukuliwa na gari la wagonjwa Jumapili asubuhi kutoka nyumbani kwetu Chatsworth. Alitembea mwenyewe hadi garini, amevaa sweta langu kwa sababu lake lilikuwa bado linakauka kwenye kamba, na kitambulisho chake kiko mfukoni. Mama alitaka kupanda naye. Mhudumu aliyejifunika plastiki mwili mzima akanyoosha mkono kumzuia, akawa mwangalifu asimguse. Hospitali haikuruhusu mgeni. Siku nne tuliishi kwa simu: amekula, hajala, amelazwa kifudifudi, hewa inashuka. Alhamisi asubuhi nesi akapiga, akaniuliza kwanza kama nimekaa.

Kwetu maiti hailazwi. Sisi tunaoitwa Wazanzibari wa Durban, kizazi cha watumwa waliokombolewa wakaletwa hapa, tumepoteza mengi. Wazazi wangu walikuwa bado watoto serikali ya wakati ule ilipotuhamisha kutoka upande wa bandari na kutuleta Chatsworth, na maneno ya mababu yamebaki vipande vipande. Lakini hilo hatujalipoteza: aliyekufa asubuhi huzikwa kabla ya alasiri. Watu husema haraka haraka haina baraka, ila kwa maiti baraka yenyewe imo kwenye hiyo haraka. Saa nne mzee wa kamati ya mazishi akanipigia, amesimama kwenye foleni ya ofisi inayoandikisha vifo.

"Binti yangu, pole sana. Nipe nambari ya kitambulisho ya marehemu. Foleni iko hadi barabarani na dirisha linafungwa saa saba. Nikikosa kibali sasa hivi, baba yako atalala kwenye friji hadi kesho."

Kitambulisho kilikuwa hospitali, ndani ya mfuko uliofungwa ambao hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Nikakimbilia jikoni. Upande wa ndani wa mlango wa kabati la vikombe ndiko baba alikoweka kumbukumbu zake zote, kwa penseli: simu ya mtu wa gesi, ya fundi bomba, ya imamu, na chini kabisa nambari mbili ndefu za vitambulisho, moja juu ya nyingine, hazina majina. Za kwao wawili.

Zote mbili zilianza sawasawa. Tarakimu sita za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, na wazazi wangu, waliokua majirani, waliandikishwa siku moja na karani mmoja ambaye hakujali nani alizaliwa lini. Akawapa wote tarehe moja. Baba alipenda kumwita mama pacha wake wa serikali. Kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kunionyesha ipi ya nani, na wala sikukitafuta. Nikasoma ya juu.

Nani kwetu huandika mke kabla ya mume? Kwenye kadi za harusi, kwenye fomu za madrasa, hata kwenye sinia, baba ndiye wa kwanza. Nikaisoma mara mbili, tarakimu moja moja, kama ninavyosoma za makontena. Mzee akairudia, nikasema ndiyo hiyo. Kisha, mtu makini kama mimi, nikazihifadhi zote mbili kwenye simu yangu zisije zikanipotea: ya juu nikaiita Baba, ya chini nikaiita Mama.

Kibali kilipatikana. Wazazi wangu wanatumia jina moja la ukoo, na majina yao wenyewe yanaanza na herufi moja. Karani mwenye foleni ya wafiwa hadi barabarani hakutazama zaidi ya hapo, nami simlaumu. Baba akazikwa kabla ya alasiri na wanaume wanne waliovaa suti za plastiki nyeupe. Hakuoshwa kama tunavyooshwa. Walimfanyia tayamamu juu ya mfuko, wakamswalia wamesimama mbalimbali, wakamshusha. Mzee wa kamati alipokuja kutoa pole alisimama nje ya geti, na mama akamuuliza kutoka dirishani kama walimwona.

"Tuliona mfuko, mama," akasema. Hakuwa mtu wa kudanganya. "Ulikuwa umeandikwa jina lake."

Mama akafunga dirisha. Hakulia. Tulingoja alie siku hiyo, na wiki hiyo, na mwezi huo.

Cheti cha kifo kililetwa kwenye bahasha baada ya wiki mbili. Mimi ninayesoma kila karatasi mara tatu, hiyo sikuifungua. Niliitia kwenye droo ya vitambaa vya meza, nikaifunika na kitambaa cha sikukuu. Sikutaka kuliona jina la baba limeandikwa na mashine mahali kama pale.

Mama akakaa eda. Miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hana manukato, hana wanja, hatoki. Wajane wengine siku hizi hutoka mchana kwa shida zao, na imamu aliruhusu, lakini mama alikaa ya zamani, ile ya mama yake, na hata kwenye kamba ya nguo alikuwa hafiki. Aliyemliwaza zaidi yangu alikuwa mpangaji wetu wa chumba cha uani, mama mmoja kutoka Bukavu anayesuka nywele saluni ya Greyville. Ni mlokole wa kupiga makofi, na mama ni mtu wa tasbihi, lakini wote wawili walikuwa wamezoea kukaa na kungoja. Alikuwa akimletea sombe, kisamvu cha kwao, bila samaki kwa sababu mama alisema harufu ya samaki inamkumbusha baba.

Mwezi wa tisa nguzo za barabara yetu zikaanza kujaa picha za wagombea udiwani. Watu walibishana redioni kama ni halali kupiga kura katika ugonjwa. Uchaguzi ukasogezwa, ukarudi, mwishowe ukatangazwa. Nilidhani mama hatajali. Nilikosea hilo pia.

Lazima nieleze walivyokuwa. Tangu ile kura ya kwanza ambayo kila mtu wa nchi hii aliruhusiwa, baba na mama hawakuwahi kukosa uchaguzi hata mmoja, mkubwa wala mdogo. Walikwenda pamoja kwa miguu hadi shule ya msingi, wamevaa kama wanakwenda harusini, na kila mmoja alipigia chama chake. Vyama viwili visivyopikika chungu kimoja. Wakirudi, mama huweka chai, baba huvua viatu, halafu anauliza:

"Umenifuta?"

"Nimekufuta."

"Nami nimekufuta. Basi tumekwenda bure tena."

Wanacheka hadi kikombe kinamwagika. Nilipokuwa kijana niliwaona wapuuzi. Niliwaambia wangeweza kukaa nyumbani wote wawili na matokeo yangekuwa yale yale, na baba akaniambia nitaelewa nikiolewa. Sikuolewa.

Sasa mama aliniita chumbani, akaniambia nifunge mlango ingawa hakukuwa na mtu.

"Nataka kupiga kura."

"Vizuri. Imamu amesema unaweza kutoka. Nitakupeleka na gari, utarudi nusu saa."

"Sitoki eda yangu kwa ajili ya diwani." Akavua miwani yake. "Na mara hii sipigi yangu. Napiga yake."

Nilimtazama. Nilijua anavyokichukia chama kile; aliwahi kuitoa kalenda yake ukutani akaifungia vitumbua.

"Mama, wewe?"

"Kila mara tulifutana, mwanangu. Mwaka huu nikipiga yangu hakuna wa kunifuta. Nitakuwa nimemshinda, naye hayupo kunijibu. Si uungwana hivyo. Nikishapiga yake tutakuwa tumemaliza vizuri, mimi na yeye."

Hilo ndilo alilolitaka. Hakuweza kumuuguza, hakuweza kumwona, hakuweza kumwosha wala kumfunga kidevu. Alitaka kumfanyia kitu kimoja cha mwisho kwa mkono wake, na kitu chenyewe kilikuwa alama ya msalaba kwenye karatasi ya chama asichokipenda. Nikamwambia liko jambo rahisi: wazee na wagonjwa hupigia kura nyumbani, maafisa huja na karatasi siku mbili kabla ya wengine. Nikatuma ombi kwa simu pale pale mbele yake. Walitaka nambari ya kitambulisho, nikatoa ile niliyoihifadhi, ile inayoitwa Mama. Jibu likarudi kabla hajamaliza kupangusa miwani yake: ombi limekubaliwa.

"Umeona?" nikamwambia. Nilijisikia binti wa maana sana siku hiyo.

Jumamosi ya maafisa mama aliamka na alfajiri, akaoga, akabadilisha nguo nyeupe kwa nguo nyeupe nyingine. Alitandika meza ndogo ya barazani, akaweka kalamu yake mwenyewe, chupa ya dawa ya mikono, na viti vitatu vilivyoachana hatua nne. Alinituma nipime kwa miguu. Akaketi ndani nyuma ya pazia la mlango, barakoa usoni, mikono mapajani, tangu saa mbili. Nilimletea chai akakataa, asije akawa msalani wakifika.

Saa tano mpangaji wetu akaja mbio kutoka getini. Aliniambia kwa Kiswahili chake cha Bukavu kilichochanganyika na Kifaransa, kwa sauti ya chini, lakini pazia ni pazia.

"Dada, iko batu mbili inje, banasema ni ba kura. Mais dada... banaulizia papa."

"Papa yupi?"

"Papa wa hapa. Banataja jina yake yote."

Nilitoka na hasira zangu zote. Walikuwa msichana mmoja wa Kizulu na mzee mmoja mwembamba, wote na fulana za uchaguzi juu ya nguo zao, miwani yao imeingia ukungu kwa sababu ya barakoa. Nikawaambia wamekosea, mpiga kura ni mama. Msichana akanionyesha orodha. Jina la baba, kamili, hata lile la katikati ambalo tulilijua sisi tu. Nambari yake mbele yake.

Nikatoa simu. Nikailinganisha nambari iliyo kwenye orodha na ile niliyoiita Mama. Tarakimu kumi na tatu, sawasawa zote.

"Mtafute mama yangu basi," nikasema. "Atakuwemo humo kwenye daftari." Nikampa jina lake. Akatafuta kwenye kimashine chake, akatafuta tena, akamwonyesha mwenzake. Mzee akakohoa.

"Eish, dada," akasema. "Huyu anaonekana alifariki Agosti."

Niliingia ndani, nikavuta droo ya vitambaa, nikafungua ile bahasha. Cheti kilikuwa safi, kina mhuri, hakina kosa hata la herufi moja. Kilisema mama yangu amekufa.

Baadaye mtu mmoja kazini aliniambia kwamba tarakimu ya saba ya kitambulisho ndiyo inayoonyesha mwanamke au mwanamume. Ikiwa chini ya tano ni mwanamke. Ni jambo ambalo nusu ya nchi hii inalijua. Mimi nilijua siri ya kila tarakimu ya kila kontena lililoshushwa Durban, na ya wazazi wangu sikujua. Mganga hajigangi.

Niliporudi barazani mama alikuwa ameshatoka nyuma ya pazia. Alikuwa amesimama mbele ya ile meza yake ndogo, na msichana alikuwa ameweka juu yake bahasha mbili, moja tupu na moja yenye jina la baba. Ilibidi nimweleze hapo hapo, mbele ya wageni, kwamba kura ya mumewe imekuja na yake haipo. Kwamba kwa daftari la serikali yeye ni marehemu na baba yuko hai. Na kwamba aliyefanya hivyo ni mimi. Nilisema kwa haraka, kama mtu anayetoa bandeji.

Mama aliitazama bahasha kwa muda mrefu.

"Hii ni yake?" akamuuliza msichana kwa Kizulu chake cha adabu.

"Ni yake, gogo," akajibu, akimwita bibi kwa Kizulu.

"Na ndani kuna karatasi atakayoipigia."

"Ndiyo, gogo. Lakini hakuna mwingine anayeweza kumpigia. Hata wewe. Samahani sana."

"Najua, mwanangu. Sikukuomba hilo." Ingawa nadhani angeombwa aape kwamba hakulitamani, asingeweza. Ile karatasi ilikuwa pale pale, mkono wake pale pale, kalamu yake pale pale, na ndicho kitu pekee alichokitaka. Msichana alikuwa anazirudisha bahasha mkobani, macho yake yamejaa maji. Nilimwona.

Mzee akatoa kalamu. Alisema lazima aandike sababu ya kurudisha karatasi, na akaanza kuandika kwamba mpiga kura amefariki.

"Usiandike hivyo," mama akasema.

"Gogo, ni utaratibu."

"Umemwona amekufa wewe? Mimi sikumwona. Andika kwamba umekuja hukumkuta nyumbani. Huo si uongo."

Wale wawili wakatazamana. Mzee akafuta alichoandika, akaandika vile mama alivyotaka. Wakaaga kwa heshima, wakaenda nyumba ya mbele.

Nilijiandaa kwa matusi. Niliyastahili. Mama badala yake akaenda jikoni, akafungua kabati la vikombe, akasimama mbele ya ule mlango. Aliweka kidole kwenye nambari ya juu.

"Yangu ndiyo ya juu," akasema. "Kila kitu aliandika yangu kwanza. Hata kwenye daftari la zahanati. Ulikuwa hujui?"

"Sikujua, mama."

"Ulidhani kwa kuwa yeye mwanamume."

"Ndiyo."

Akacheka. Ndiyo mara ya kwanza tangu Agosti. Alicheka akashika ukingo wa sinki, mpangaji wetu akaja kuchungulia kama ni kilio. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyetangulia," akasema. "Maskini mume wangu, amefiwa. Nani anampikia?"

Na hivyo ndivyo alivyoanza kuishi na kosa langu. Jumatatu watu walipokuwa kwenye foleni shuleni, naye hana kura, hakuonekana kuumia kama nilivyotarajia. Alikuwa na kitu kingine. Asubuhi nikimletea uji aliniuliza mzee kaamkaje leo. Alisema afadhali wanaume hawakai eda, yule asingeweza kukaa ndani siku tatu. Akisikia redio inataja wajane, husema na wagane je, hawatajwi? Mpangaji wetu alishika mchezo ule upesi kuliko mimi. "Mama mukubwa, papa iko namna gani?" huuliza akirudi Greyville jioni. "Anasumbua," mama hujibu. "Hataki dawa." Wanacheka. Alianza kula. Aliomba samaki.

Mimi nilikuwa sicheki. Kila nikikaa mezani kwangu ofisini na nambari mbele yangu, nilikuwa naiona ile moja iliyokaa mahali pasipo pake, na nimeiweka mimi. Nilimfokea binti mmoja kwa kosa dogo hadi akatoka nje kulia. Niliwaambia watu, na nikajiambia mwenyewe, kwamba ni kwa ajili ya mama: siku moja zahanati itamnyima dawa ya presha, siku moja atahitaji karatasi fulani na tutaambiwa huyu hayupo duniani. Yote ni kweli. Lakini sababu yenyewe haikuwa hiyo, na nimefika umri wa kusema kweli. Sikuweza kuvumilia nambari niliyokosea mimi ibaki imekosewa.

Eda ilikwisha Disemba. Nilingoja ofisi zifunguliwe baada ya mwaka mpya, nikaomba ruhusa kazini.

"Tunakwenda wapi?" mama akauliza garini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka tangu gari la wagonjwa.

"Kukufufua," nikasema. Nilidhani ni utani mzuri.

Alitazama nje ya dirisha. "Mimi sijambo nilivyo," akasema.

Kwenye ile ofisi ya kuandikisha vifo tulikaa kwenye foleni ya viti, kila cha pili kimebandikwa alama ya usikae hapa. Karani aliyetuita alikuwa mwanamke mpole wa makamo, mwenye subira kuliko mimi. Alisikiliza yote, akatikisa kichwa, akasema kesi kama hizi alikuwa ameona nyingi mwaka ule. Dawa yake ni rahisi: kifo kilichoandikwa kwenye nambari ya mama kinaondolewa, kinaandikwa kwenye nambari ya baba. Kilichohitajika ni tamko la mjane mwenyewe. Akageuza fomu upande wa mama, akaweka kidole kwenye mstari. *Natamka kwamba mume wangu amefariki dunia.* Alama ya dole gumba hapa.

Mama hakusogea.

"Siwezi kutamka hilo," akasema. "Sikumwona."

"Mama, ni fomu tu," nikamwambia.

"Kama serikali inataka mmoja wetu, si inaye tayari? Imwache huyo."

Karani alinitazama mimi. Nyuma yetu mtu alikuwa anahema kwa kukosa subira ndani ya barakoa yake. Nilimsihi mama kwa sauti ya chini mara moja, mara mbili. Nikamwambia kuhusu zahanati. Akasema afadhali presha. Alikuwa amefumbata mikono yake miwili ndani ya mtandio, kama mtoto anayeficha kitu, na hapo ile hasira yangu ninayoijua, ile ya ofisini, ikanipanda.

"Mama, baba amekufa!"

Nilipiga kelele. Ukumbi mzima ukageuka. Ndani ya nyumba yetu hakuna aliyekuwa amemwambia mama neno lile, si mimi, si mzee wa kamati, si imamu. Tulikuwa tukisema ametangulia, ametuacha, hatunaye. Tangu Agosti nilikuwa nikilizunguka neno lile kama shimo la barabarani, kisha nikamtupia mama yangu mbele ya watu wasiomjua, kwa sababu ya fomu.

Mama aliutoa mkono kwenye mtandio. Karani akamshika kidole kwa glavu, akakigandamiza kwenye wino, akakigandamiza kwenye karatasi. Akaandika kwenye kompyuta kwa muda. Mama alikuwa anaifuata mikono yake.

"Sasa amekufa?" akamuuliza.

Karani alikuwa mtu mwema, nami bado namwombea. Aliacha kuandika kabla ya kujibu.

"Ndiyo, mama. Pole sana."

Ndipo mama akalia. Kilio cha kwanza, miezi mitano baada ya kufiwa, kwenye kiti cha plastiki, barakoa imelowa imemganda mdomoni hadi nikaogopa atakosa hewa. Nilitaka kumshika, akautoa mkono wangu begani. Mwanamke aliyekuwa nyuma yetu, yule aliyekuwa akihema, ndiye aliyekuja kumshika.

Karibu na nyumbani mimi na mama tulisimama kwenye robot, ile taa ya njia panda, ikiwa nyekundu.

"Ulimzika nami sikumwona," akasema. Sauti yake haikuwa na hasira, ingekuwa nayo ningejua la kufanya. "Nikasema si wewe, ni ugonjwa. Kura yake nikaikosa, nikasema ni bahati mbaya. Palibaki mahali pamoja tu alipokuwa hai, mwanangu, na pale hakuwa anamdhuru mtu. Ukanichukua kwa mkono ukanipeleka nikamuue mimi mwenyewe."

Nilikuwa na ile fomu kwenye paja langu, nakala yangu, imepigwa mhuri, nambari zote mbili ziko mahali pake. Robot ikawa kijani. Gari la nyuma likapiga honi, nikaondoa gari.